Ndoo tano na vitabu viwili vya kuponi

Fainali ya Eurovision, lile shindano la nyimbo la kila mwaka baina ya nchi, nyingi zikiwa za Ulaya, huanza saa nne usiku kwa saa zetu, na mshindi hujulikana karibu saa nane. Hapa Mwanga, Kigoma, hiyo ni saa ambayo hata bodaboda wa mwisho ameshalaza pikipiki yake. Usiku wa tarehe 17 Mei 2025 nilikaa jikoni, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya chai, nikiwatazama Waswisi wakiwa wenyeji mjini Basel. Binti yao, Zoë Më, aliimba taratibu, kwa Kifaransa, bila kelele nyingi. Majaji wa nchi zote walipomaliza kutoa pointi zao alikuwa na 214, nafasi ya pili, nyuma ya JJ wa Austria mwenye 258. Yuko kwao, ukumbi ni wao, watu wanalitaja jina lake. Kisha zikaanza kusomwa pointi za watazamaji. Ilipofika zamu yake mtangazaji akataja sifuri.

Nililia. Mtu wa Kigoma kumlilia binti wa Uswisi asiyemjua ni jambo la kushangaza kidogo, najua, lakini nina sababu zangu na nitazieleza.

Kwanza, sifuri ile haina maana kwamba hakuna aliyempigia kura. Kila nchi hupanga nyimbo kwa wingi wa kura za watu wake, na kumi za juu tu ndizo hupewa pointi: wa kwanza 12, wa pili 10, kisha 8 kushuka hadi 1. Wa kumi na moja hapati kitu, awe na kura elfu hamsini au tano. Na kwa kuwa hakuna anayeruhusiwa kuipigia nchi yake, wale Waswisi waliojaa ukumbini hawakuwa na la kumsaidia. Huenda waliompenda walikuwa wengi kweli, ila wametawanyika wachache hapa wachache kule, wakapita kwenye matundu ya wavu kama dagaa wachanga. Alimaliza wa kumi kwa pointi 214 zile zile za majaji.

Mimi niliwahi kuhesabu kura za nyimbo kwa mkono wangu. Ndiyo maana.

Mwaka 2011 kwaya yetu iliandaa mashindano ya kwaya tano katika ukumbi mmoja hapa Mwanga. Moja ilitoka Kasulu, moja Uvinza, moja Mwandiga, wenyeji sisi, na ya tano ilivuka mpaka wa Manyovu kutoka Nyanza-Lac, Burundi. Kwa sababu ya hao wa mwisho kadi za mwaliko ziliandikwa mashindano ya kimataifa, na tulijisikia hivyo. Mimi naimba sauti ya pili. Kwa kuwa ni mwalimu wa shule ya msingi na mwandiko wangu unasomeka, kamati iliniweka kwenye meza ya kuhesabu pamoja na kaka mmoja wa Uvinza. Hakuna aliyeuliza kwa nini mwimbaji ahesabu kura za kwaya yake mwenyewe. Hata mimi sikuuliza.

Majaji walikuwa watatu, walimu wa muziki, kila mmoja na karatasi ya alama 100: sauti, matamshi, ulinganifu wa sauti nne, nidhamu jukwaani. Watazamaji walikuwa na kuponi. Kila aliyelipa kiingilio alipewa moja, aitumbukize kwenye ndoo ya kwaya aliyoipenda. Ndoo tano za plastiki zilipangwa mbele ya jukwaa, kila kwaya na rangi yake. Yetu ilikuwa ya bluu. Kabla kwaya ya kwanza haijapanda, mweka hazina akasimama, akasema ukumbi unavuja na unahitaji bati mpya, kwa hiyo anayetaka kuongeza kuponi anaweza kununua nyingine kwa shilingi 200, idadi yoyote. Watu wakapiga makofi. Nilipiga na mimi. Bati zilihitajika kweli; masika yaliyopita tulikuwa tumefanya mazoezi na mabeseni sakafuni.

Warundi waliimba wa nne. Hawakuwa na kinanda, walikuja na ngoma moja na kayamba mbili. Besi zao zilianza peke yake, chini kabisa, halafu sauti ya kwanza ikaingia kama mtu anayefungua mlango bila kubisha. Aliyeongoza alikuwa dada mrefu mwenye kitenge cha kijani. Kirundi na Kiha ni ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo nusu ya ukumbi ilikuwa inaelewa maneno bila mkalimani, na bibi mmoja aliyekaa karibu na meza yetu alivua miwani akawa anafuta macho kwa pindo la kanga. Sauti ya pili yao, ile ninayoiimba mimi, ilikuwa safi kiasi kwamba niliona aibu kwa jinsi sisi tulivyozoea kuiburuza.

Majaji wakawapa 271 kati ya 300. Sisi tukapata 254.

Kuponi zilikuwa za vitabu vya hamsini hamsini, kila moja na namba yake. Tulimwaga ndoo moja moja mezani. Katika ndoo ya bluu nilikuta namba 301 hadi 400, zote, bila kukosekana hata moja, zimekunjwa pamoja kama zilivyochanwa. Vitabu viwili vizima. Mjomba wa mwanakwaya wetu mmoja, mchuuzi wa samaki pale Kibirizi, alikuwa ametoa shilingi elfu ishirini. Hakujificha, alizitumbukiza watu wakimtazama, na mweka hazina alimshika mkono kumshukuru.

Ndoo yetu ilikuwa na kuponi 219. Ya Warundi 121, na namba zake zilikuwa zimetawanyika, moja ya huku, moja ya kule. Kwenye karatasi ya pembeni nilitoa ile mia. Ikabaki 119. Kaka wa Uvinza aliitazama karatasi ile, akanitazama mimi. "Mwalimu, kanuni imeruhusu," akasema. Ni kweli, ilikuwa imeruhusu.

Nafasi za majaji na nafasi za kuponi zilijumlishwa: wa kwanza 5, wa pili 4, kushuka. Wao 5 na 4, sisi 4 na 5. Sare, tisa kwa tisa. Na kamati ilikuwa imeandika tangu mwanzo kwamba sare ikitokea, kuponi ndizo zitaamua. Tukachukua kinanda. Wageni wakapewa gunia la mchele na pongezi, wakalala kwenye madarasa ya shule, alfajiri wakaondoka. Karatasi yangu niliikunja nikaiweka kwenye pochi. Kinanda kinapigwa mpaka leo kila Jumapili, funguo mbili zimeshakufa.

Tangu hapo siwezi kutazama shindano lolote la nyimbo kwa macho ya mtu anayesubiri mshindi tu. Natafuta ndoo.

Eurovision yenyewe imeihangaikia ndoo hiyo kwa miaka 70. Shindano la kwanza, mwaka 1956 mjini Lugano, Uswisi, lilikuwa na nchi 7, kila moja na nyimbo mbili na majaji wawili. Majaji waliruhusiwa kuzipigia nchi zao. Luxembourg haikuweza kupeleka majaji wake, ikawaachia Waswisi wapige kwa niaba yake. Mshindi akawa Lys Assia wa Uswisi, na alama za siku ile hazikuwahi kutangazwa. Huenda wimbo wake ulistahili kabisa. Shida ya hesabu iliyofungiwa ndani ni kwamba hata mshindi halali ananyimwa ushahidi wake.

Mwaka 1969, Madrid, nchi nne zilifungana kwa pointi 18, Uhispania, Uingereza, Uholanzi na Ufaransa, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameandika kanuni ya sare, zote nne zikawa washindi. Mfumo wa 12, 10, 8 ulianza 1975. Mwaka 1991 Carola wa Sweden na Amina wa Ufaransa walifungana kwa 146; wakahesabiwa nani ana 12 nyingi, wakawa sawa, kila mmoja nne; wakahesabiwa nani ana 10 nyingi, Carola akawa nazo tano na Amina mbili. Hapo ndipo ushindi ulipopatikana. Nikiisoma habari ile huwa naikumbuka tisa kwa tisa yetu. Kanuni ya sare huandikwa na watu wanaodhani haitatumika kamwe.

Kura za simu zilijaribiwa mwaka 1997 katika nchi tano, Uingereza, Ujerumani, Austria, Sweden na Uswisi, na mwaka uliofuata zikaenea karibu kote. Kabla ya miaka mingi kupita yakaanza malalamiko ya ujirani. Kupro inaipa Ugiriki, Ugiriki inaipa Kupro, nchi za Skandinavia zinapeana, zilizokuwa Yugoslavia zinapeana. Mwaka 2009 majaji walirudishwa kwenye fainali, wakapewa nusu ya uzito, ili kuzima ujirani huo.

Hapo mimi na waliolalamika tunaachana njia.

Mtu wa Ujiji akipenda rumba ya Kongo hajala rushwa. Ameikuta nyumbani. Imevuka ziwa kabla hajazaliwa, imepigwa kwenye harusi ya wazazi wake, ameijua kabla ya kujua kusoma. Ukimwambia achague kati ya rumba na muziki wa nchi asiyoijua, akachagua rumba, sikio lake limefanya kazi yake. Mgiriki na Mkupro wanazungumza lugha moja na redio zao zinapiga nyimbo zile zile. Kinachoitwa upendeleo hapo, kwa sehemu kubwa, ni masikio yaliyolelewa pamoja. Bibi aliyevua miwani pale ukumbini alikuwa Muha, na alilia kwa sababu Kirundi kilimfikia. Je, kuponi yake tuikate thamani kwa kuwa alielewa maneno?

Na ujirani hauamui kila kitu. Tusker Project Fame, lile shindano la Nairobi lililokuwa likikusanya vijana wa Afrika Mashariki, tulilifuatilia hapa kama ligi ya mpira. Mwaka 2010 Peter Msechu, ambaye baadaye tulimsikia tena kwenye Kigoma All Stars, alifika mpaka nafasi ya pili, nyuma ya Davis Ntare wa Uganda. Mwaka 2013 akaja Hope Irakoze wa Burundi. Watu wa Burundi hawakufika hata theluthi ya watu wa Tanzania, na Kenya nayo ina watu kibao. Kama kura zingekuwa sensa tu, Hope asingeweza kutoka. Alishinda.

Mimi nilimpigia. Kaka yangu alinifokea sebuleni, "Unampa Mrundi, na wa kwetu je?" Sikumwambia kuhusu ndoo ya bluu. Nilituma meseji moja tu, makusudi, ingawa simu ilikuwa na salio la kutosha kutuma nyingi. Nilitaka angalau mara moja katika maisha yangu kuponi yangu iende kulikokuwa na sauti nzuri, na iende ikiwa moja.

Mwaka 2014 huko Uingereza lilitokea jambo ambalo mpaka leo naona halikutendewa haki. Watazamaji wa Uingereza, wakiwemo Wapolandi wengi wanaoishi na kufanya kazi kule, waliiweka Poland namba moja kwa kura zao. Majaji watano wa Uingereza waliiweka mwisho kabisa. Enzi hizo nafasi za pande mbili zilichanganywa kwanza, kisha ndiyo pointi zikatolewa kama za nchi moja. Jibu likawa sifuri. Wimbo uliopendwa kuliko wote katika nchi ile haukupata hata pointi moja kutoka nchi ile. Mtu anaweza kusema wale walikuwa wahamiaji wanaopigia kwao. Sawa. Lakini wanalipa kodi pale, simu zao ni za pale, na sikio la mhamiaji ni sikio. Tangu 2016 pande hizo mbili hutangazwa kila moja peke yake, na hilo ni moja ya mambo mema kabisa yaliyofanywa na Umoja wa Utangazaji wa Ulaya, wenye shindano, kwa sababu ugomvi sasa unaonekana kwa macho badala ya kumezwa ndani ya wastani.

Mwaka huo huo wa 2016 ulimtoa mshindi ninayempenda kuliko wote. Majaji walimtaka Dami Im wa Australia, pointi 320. Watazamaji walimtaka Sergey Lazarev wa Urusi, 361. Jamala wa Ukraine alikuwa wa pili kwa majaji, 211, na wa pili kwa watazamaji, 323. Akashinda kwa 534. Wapo waliochukia, wakasema amepataje kushinda mtu ambaye hakuna upande uliompa kwanza. Mimi naona kinyume: alikuwa ndiye pekee aliyeingia vyumba vyote viwili akakaribishwa. Vivyo hivyo Loreen wa Sweden mwaka 2023 kule Liverpool. Ukumbi ulikuwa ukimwimbia Käärijä wa Finland, naye alipata 376 za watazamaji, lakini Loreen alikuwa wa pili kwa hao watazamaji, 243, na wa kwanza kwa majaji, 340. Käärijä kwa majaji alikuwa wa nne, 150. Niliumia kwa ajili ya Käärijä, kwa sababu furaha yake ilikuwa ya kweli, ila sikuona wizi.

Majaji nawaheshimu kwa sababu ya ile sauti yangu ya pili. Mtazamaji haisikii. Husikia tu siku ikikosekana, akajiuliza kwa nini wimbo leo umekonda. Anayeisikia ni mtu aliyefundishwa, na bila yeye kwaya zote zitaacha kuhangaika na sauti ya pili, zitanunua sare za kung'aa. Lakini majaji wachache ni hatari kuliko watazamaji wengi. Mwaka 2014 majaji wote watano wa Azerbaijan waliiweka Armenia mwisho, kila mmoja, kama waliokubaliana. Na kila anayejua uhasama wa nchi hizo mbili hahitaji kuelezwa. Mwaka 2022, kwenye nusu fainali ya pili, majaji wa nchi sita, Azerbaijan, Georgia, Montenegro, Poland, Romania na San Marino, walikutwa na mpangilio wa alama uliotia shaka, wakipeana wao kwa wao. Alama zao zilifutwa, zikawekwa za kukokotolewa. Nchi sita kwa majaji watano ni watu 30. Watu 30 wanaenea kwenye basi dogo moja la kwenda Kasulu, na kidogo wapotoshe njia nzima.

Ndiyo maana nilifurahi waandaaji walipotangaza Novemba 2025 kwamba majaji wa kila nchi wataongezwa kutoka 5 hadi 7, wawili angalau wawe vijana wa miaka 18 hadi 25, na kwamba watarudi kwenye nusu fainali, walikoondolewa 2023. Kuna walioona ni kuwapokonya wananchi. Mimi natamani wangefika hata 20, na kila mmoja jina lake lisomwe kabla ya shindano, kama wazee wa baraza wanavyokaa mbele ya watu na sura zao.

Halafu kuna shindano lisilo na wananchi kabisa. Septemba 2025 Urusi ilifufua Intervision mjini Moscow, na Kenya iliwakilishwa na Sanaipei Tande, sauti tuliyoizoea tangu enzi za redio. Waliotoa alama walikuwa majaji peke yao, na Đức Phúc wa Vietnam akashinda. Nilimtazama Sanaipei kwa fahari yote, nikabaki na mikono mapajani, kwa sababu hapakuwa na ndoo ya kutumbukiza chochote. Jambo moja tu la usiku ule nililiheshimu: mwimbaji wa wenyeji, Shaman, aliimba kisha akaomba wimbo wake usipewe alama. Laiti mwaka 2011 mtu angetusimamisha sisi wenyeji na kutuambia vivyo hivyo.

Sasa nifike kwenye vile vitabu viwili.

Kwa miaka kadhaa Eurovision ilimruhusu mtu mmoja, kwa simu moja au kadi moja, kupiga kura mpaka 20. Kila kura inalipiwa. Na tangu 2023 hata sisi wa nchi zisizoshiriki tunaruhusiwa kupiga mtandaoni kwa kadi ya benki, wote kwa pamoja tukihesabiwa kama nchi moja: India, Nigeria, Brazil, Tanzania na wengine wote, pointi 58 za watazamaji, yaani zile 12 kushuka hadi 1 zikijumlishwa. San Marino, yenye watu wachache sana kuliko hawa laki mbili na ushee wa Kigoma Ujiji, ina 58 kama hizo, tena zinakokotolewa kutokana na kura za wengine maana simu zake zinategemea mtandao wa Italia. Hilo halinisumbui. Barazani kila ukoo huleta mzee mmoja, ukoo mdogo na mkubwa. Kilichonisumbua ni ukurasa wa kupigia kura, 2023, nilipoweka kadi ya dada yangu na ukaniuliza nataka kura ngapi.

Niliandika 1. Kidole kilikuwa kizito, kwa sababu nilijua mwenye kuandika 20 amekuwa watu ishirini.

Hesabu yake ni nyepesi. Watu 1,000 wakipiga 20 kila mmoja wanakuwa 20,000. Watu 19,000 wakipiga moja moja wanashindwa nao. Kundi dogo lililowaka moto linaliinamisha kundi kubwa lililopenda kwa kiasi. Ni vitabu vile vile, 301 hadi 400. Mwaka 2025 Yuval Raphael wa Israel aliongoza kura za watazamaji kwa 297, huku majaji wakimpa 60, na waandishi wa huo huo Umoja wa Utangazaji wa Ulaya wakaonyesha kwamba wakala wa matangazo wa serikali ya Israel ulilipia matangazo ya mtandaoni ya kuwahimiza watu wa nchi nyingi wapige kura zote 20. Mashirika ya utangazaji ya Uhispania na Ubelgiji yakataka maelezo. Wapo waliompenda yule binti kwa dhati, sina shaka, na wapo waliopiga kwa ajili ya vita, upande huu au ule. Kanuni haikuvunjwa. "Mwalimu, kanuni imeruhusu." Nilikuwa nimeshaisikia sentensi hiyo.

Sasa wamepunguza kutoka 20 hadi 10, na wameweka makatazo dhidi ya kampeni kubwa zinazobebwa na serikali. Nashukuru, lakini 10 bado imezidi kwa 9. Najua kwa nini haiwi moja. Kura zinaleta fedha, na shindano kubwa linahitaji bati zake. Basi bati zitafutiwe njia nyingine. Kiingilio kiongezwe, harambee iitishwe, mdhamini aombwe. Kuponi isiwe ndiyo risiti ya mchango.

Na siwanyoshei kidole Wazungu peke yao. Mwaka 2015 Diamond Platnumz, ambaye Kigoma tunamhesabu mwana wetu, alishinda tuzo ya MTV kule Milan kwa upande wa Afrika na India, akimpita Priyanka Chopra mwenye India nzima nyuma yake. Kura zilikuwa za mtandaoni. Nilicheza dansi uani. Lakini siku zile mpwa wangu alikuwa haachi simu, anabonyeza, anabonyeza tena, mpaka betri inakwisha, anachomeka chaja anaendelea. Nilimwambia, "Mwanangu, wewe ni mmoja." Akanijibu, "Shangazi, Wahindi nao wanafanya." Sikuwa na jibu la kumpa, na furaha yangu ya siku ya matokeo ilikuwa na doa ambalo wenzangu hawakuliona.

Agosti iliyopita nilikwenda Manyovu kununua maharage. Sokoni nilisimama mbele ya dada mmoja mrefu, umri umemgusa, na nilikuwa nimeshapita hatua mbili aliposema kwa Kirundi cha taratibu, "Wewe ulikuwa mezani, ukiandika." Kitenge siku hiyo hakikuwa cha kijani. Tulishikana mikono muda mrefu. Akaniuliza habari za kinanda, nikamwambia bado kinalia. Akasema njiani kurudi, mwaka ule, mwalimu wao wa kwaya aliwaambia wasihuzunike, maana Watanzania 121 wamewapenda, na ile namba waliibeba mpaka Nyanza-Lac. Wengine wakawa wanawasimulia watoto wao, 121.

Kisha akachukua kopo la kupimia, akaanza kuchota.

"Mwalimu," akasema, "siku ile mle ndani tulikuwa watu wangapi?"

Nilikuwa naijua namba hiyo kwa miaka 14. Vishina vya viingilio nilivihesabu mwenyewe.

"Watu 263."

"Na kuponi?"

"498."

Kopo likabaki hewani. Nikamwambia habari ya vitabu viwili, 301 hadi 400, vilivyokunjwa pamoja. Nikamwambia nilitoa mia kwenye karatasi, ikabaki 119, na karatasi sikumwonyesha mtu zaidi ya yule kaka wa Uvinza. Sauti yangu ilikuwa imeniishia. Nyuma yangu wateja walikuwa wanasubiri, na kijana mmoja mwenye toroli aliomba njia mara mbili.

"Kwa hiyo mbili," akasema.

"Mbili."

Akatikisa kichwa taratibu, akarudia ile namba kwa Kirundi, kwa sauti ya chini, kama anayeijaribu mdomoni. Kisha akaendelea kunipimia maharage.